Bodi Tuliyoipeleka Dunguni

Asifiwe Mungu aliyeinua milima ya Udzungwa na kulilaza bonde chini yake, akaipa mvua njia na mto kingo, ambaye hajachelewa hata siku zile tulipodhani amechelewa. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa mikono ambayo bado inashika chuma cha kulehemu bila kutetemeka sana, na kwa ndugu aliyenijalia kumhangaikia. Nikishamshukuru Yeye, sasa naweza kusimulia habari za bodi.

Hapa Kibaoni, Ifakara, watu wananijua kwa kazi mbili. Nilisomea ukatekista nikiwa kijana, na mpaka leo nawafundisha watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kazi ya pili ni ufundi redio. Redio zilipopungua mjini nikahamia kwenye amplifaya za kwaya, chaja za sola na simu zilizodondoka majini. Kompyuta sikuzisomea. Nilizifuata taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ya wakwe, kwa sababu ya mdogo wangu wa kike.

Huyu mdogo wangu ni mjane. Shamba lake la mpunga lipo ng'ambo ya Namawala, kwenye tambarare ya chini kabisa. Kama watu wengi wa bonde hili, mvua zikianza hufunga nyumba, hubeba sufuria na mbegu, akahamia shambani hadi mavuno. Huko hulala dunguni, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, humo humo akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, maji yalimfika akiwa humo. Hakukuwa na mvua shambani siku hiyo. Ilikuwa imenyesha milimani, mto ukajaa, na alipoona majani ya mpunga yanalala, njia ilikuwa imekwisha kufunikwa. Alikaa dunguni siku mbili, maji yakigusa sakafu, rozari mkononi, mpaka wavuvi walipomfikia na mtumbwi. Tangu hapo nyonga yake ya kushoto, aliyoiumiza siku hizo, haikupona vizuri. Anatembelea fimbo.

Nilimwomba ahamie kwangu. Akanijibu, "Kaka, mpunga hauji mjini."

Sikumwomba tena. Namjua. Basi nikapiga hesabu nyingine. Kutoka dunguni hadi tuta la reli, mahali palipoinuka ambapo maji hayafiki, mtu mwenye miguu mizima hutumia muda mfupi tu. Yeye na fimbo yake anahitaji saa mbili. Kwa hiyo ilikuwa lazima apate habari ya maji saa mbili kabla hayajamfikia. Nikaweka nia mbele ya Mungu kwamba masika yajayo hayatamkuta bila habari hiyo, hata kama ningeanza kusoma upya darasa la kwanza.

Aliyenipa mwanzo ni Msukuma mmoja mfugaji, ambaye boma lake lipo juu, karibu na kivuko, pale mto unapotoka milimani. Nilikwenda kumtembelea tukaamkiana. Nikamwambia "Mwangaluka" kwa lafudhi yangu mbaya, naye akacheka akaitikia, kisha akanipa shikamoo yangu. Nikamweleza shida.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina saa, nina ng'ombe. Wakikataa kuvuka hapa asubuhi, mchana maji yako kwa dada yako. Mwaka ule walikataa. Ningekuwa na namna ya kumwambia, ningemwambia."

Hilo ndilo neno nililorudi nalo nyumbani. Juu kulikuwa na mtu anayejua, chini kulikuwa na mtu anayehitaji kujua, na katikati mwendo wa nusu siku wa maji. Kilichokosekana ni kitu cha kuvusha neno moja tu.

Binti yangu anafundisha umeme kwenye chuo cha ufundi, na alikuwa nyumbani likizo. Tukafuta meza ya karakana, tukaweka juu yake vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa simu ya zamani, wazo langu. Binti yangu aliiondoa mezani hata kabla sijaisifu. "Baba, kwa shangazi mtandao unapatikana juu ya kichuguu peke yake. Utamwambia maji yasubiri apande kichuguu?"

Cha pili kilikuwa kompyuta kamili, ndogo kama kitambulisho. Ilikuwa na kumbukumbu yake kwenye memori kadi, na ubavuni matundu manne ya kuchomekea vifaa. Binti yangu aliijua vizuri. Programu angeiandika kwa siku tatu, na kila kipimo cha maji kingehifadhiwa, baadaye tukaweka hata kamera.

Cha tatu kilikuwa bodi ndogo mno, ukubwa wa kiberiti, yenye chipu moja tu. Haina kioo, haina kamera, haiwezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Unaiandikia kazi moja, inaifanya hiyo hiyo mpaka betri iishe. Zote mbili zingeweza kuunganishwa na redio ndogo za kurusha ujumbe mfupi bila laini ya simu, na kwenye redio mimi sihitaji mwalimu. Antena za mianzi nilizipanga mwenyewe.

Nikauliza ipi. Binti akasema kompyuta. Nami nilikubali upesi, na leo naungama sababu. Nilitaka kuwa mzee aliyejenga kompyuta. Ile ndogo niliionea aibu, ilifanana na kitu cha kuchezea. Kompyuta ilipowashwa mezani na kuandika maneno kwenye skrini, niliwaita majirani waje waone.

Basi mwezi wa kumi na mbili tukaipeleka. Kule juu, kwenye kivuko, tulisimika bomba lenye boya ndani yake na kisanduku cha kurushia ujumbe. Mfugaji akalizungushia miiba ng'ombe wasijikune hapo. Kwa dada dunguni tukaweka kompyuta ya kupokea, betri kubwa, paneli ya sola na king'ora. Dada aliizunguka akiikagua kama mtu anayekagua posa.

"Inakula nini?" akauliza.

"Jua," nikamwambia.

"Basi haitashinda njaa huku."

Mwezi wa kwanza tukarudi kuijaribu. Tulipatana na mfugaji kwamba saa sita kamili atalinyanyua boya kwa mkono, kana kwamba mto umejaa. Mimi na binti tulisimama chini ya dungu, macho juu kwenye king'ora. Saa sita ikafika. Nikasali sala ya Malaika wa Bwana kama kawaida yangu saa hiyo, nikamaliza. Kimya. Ikafika sita na robo. Kimya kile kile, ndege tu wakila mpunga kwa sababu mwenye kuwafukuza alikuwa ametukazia macho sisi.

Binti yangu akapanda ngazi. Nikamsikia akisema, "Yesu wangu."

Nilipanda nyuma yake. Kwenye matundu manne ya kompyuta zilikuwa zimechomekwa waya nne, na kwenye waya simu nne, zikinyonya kama ndama. Kando kulikuwa na ungo, na ndani ya ungo simu nyingine tano zikingoja zamu, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake ili zisichanganywe. Betri kubwa ilikuwa imekwisha kabisa.

"Shangazi, hizi simu za nani?"

"Za watu," akajibu dada kutoka chini.

"Watu gani?"

"Yenye uzi mwekundu ya mama wa shamba la pili. Uzi wa kijani ya yule mwenye trekta. Hiyo iliyopasuka ya mzee wa mabwawani, mwangalie, ameifunga kwa utomvu. Usizichanganye."

"Shangazi, umeme huu ulikuwa wa king'ora!"

"King'ora chenyewe kimya tangu mje. Kingeula wote peke yake kifanyie nini?"

Binti yangu alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Mimi nilifungua mdomo nimkaripie mdogo wangu. Nilitaka kumwambia kwamba nimefanya haya yote kwa ajili yake, na yeye ameyagawa kwa simu za watu. Lakini alinitangulia.

"Huyu mtoto amekulia mjini, namsamehe," akasema. "Ila wewe, Kaka, mama alitulea wote. Mtu akija kuomba moto jikoni kwako, unampa kijinga anaondoka nacho. Umewahi kusikia bonde hili mtu amenyimwa moto? Na huu ni moto, tena wa bure, unatoka juani. Mtu ametembea kutoka kule na simu yake imezima, nimwambie nini? Na ni wewe unayesimama mbele ya kanisa kila Jumapili kutufundisha habari za jirani."



Binti akajaribu njia nyingine. "Basi tutaziba hayo matundu kwa gundi, Shangazi."

"Watasema nimeziba. Kuziba ni kunyima kwa mikono miwili." Akachukua fimbo yake akaanza kutembea kuelekea kwenye ndege. Kisha akageuka, akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo. "Mniletee kitu ambacho sina cha kumnyima mtu."

Tuliichukua kompyuta tukarudi nayo. Mezani tulipoiwekea umeme mwingine, haikuwaka. Kwa kuzimika na kuwaka ovyo kila betri ilipokwisha, memori kadi ilikuwa imeharibika. Hata kama majirani wote wangekuwa na simu za jua, bado kompyuta ile ingetuangusha siku mvua ikifunika bonde kwa wiki nzima. Binti yangu alilikubali hilo kabla yangu.

"Ni ile ndogo, Baba," akasema. "Lakini programu yangu haifai hapo hata mstari mmoja. Itabidi nianze upya, na chuo kinafungua baada ya wiki mbili."

"Anza," nikamwambia.

Nami nikaanza upya vile vile. Nikageuza kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, nikaandika nyuma yake maswali ambayo nilipaswa kuyaandika mwanzo. La kwanza halikuhusu kasi wala kumbukumbu. Liliuliza hivi: jirani akija dunguni, ataona kitu gani cha kuomba? Chini yake nikaandika kazi ambayo kifaa lazima kifanye, kusikia neno moja na kupiga kelele. Nikasoma tena na tena. Kompyuta ile ilikuwa na mambo mia ya kufanya, na dada yangu alihitaji moja.

Bodi ndogo ingeweza kuendeshwa kwa betri tatu za tochi. Nilifurahi, kwa sababu betri za tochi zinapatikana hata Idete dukani. Nikampigia dada, nikamkuta juu ya kichuguu.

"Betri za tochi?" akauliza. "Kubwa au zile nyembamba?"

"Kubwa. Kwa nini unauliza?"

"Nguruwe wamezidi mwaka huu, Kaka. Watu wanaishiwa tochi kila siku."

Nikafuta betri za tochi kwenye kalenda.

Mwisho tulichukua seli moja kutoka kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, seli isiyoingia kwenye tochi wala simu yoyote. Tukailehemu moja kwa moja kwenye bodi. Paneli yake ilikuwa ndogo kama kiganja. Vyote tukavitia ndani ya kipande cha bomba la maji, tukafunga ncha zote mbili. Nje palibaki waya wa antena, waya wa king'ora na ile paneli. Hakuna tundu, hakuna taa.

Siku ya kuipima nilitoa mita yangu ya zamani ya kupimia umeme, yenye mshale. Kwenye kompyuta mshale ule ulikuwa ukiruka na kubaki juu. Kwenye bodi ndogo haukutikisika. Nikaigonga mita, nikaigonga tena.

"Baba, mita ni nzima," binti akasema akicheka. "Bodi imelala."

Ndivyo alivyoiandikia. Inalala, inaamka kidogo kusikiliza, ikikuta hakuna neno inalala tena. Ile ya kivukoni nayo tuliibadilisha ikawa hivyo hivyo, ikiamka kutazama boya. Nilikaa na mshale ule kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi nimewaambia watoto wa mafundisho kwamba anayekesha siyo lazima awe anapiga kelele, na nilikuwa karibu kuidharau bodi iliyokuwa ikifanya jambo hilo hilo mezani kwangu.

Chuo kilifungua, na binti akawa anamalizia programu jioni baada ya vipindi. Mwishoni mwa mwezi wa pili tukarudi dunguni. Saa sita kamili, nikiwa nusu ya sala, king'ora kililia. Ndege waliruka shamba zima. Dada aliziba masikio, kisha akaja kuligusa bomba.

"Inachaji?"

"Haichaji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi iacheni hapo."

Ile paneli ya kwanza na betri yake kubwa hatukuirudisha mjini. Tuliifunga kwenye nguzo ya pili ya dungu, tukaiwekea matundu manne ya kuchajia. Sikuwa na moyo wa kumfanya mdogo wangu awe mchoyo uzeeni. Kila asubuhi watu wakawa wanakuja na simu zao na nyuzi zao, wanakaa hapo wakipiga soga zikijaa, na dada anagawa zamu kama hakimu.

Maji yalikuja mwezi wa nne. Nayasimulia kama alivyonisimulia yeye, kwa sababu mimi nilikuwa Kibaoni, nimefungua amplifaya ya kwaya.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka vizuri baada ya mvua ya jana yake. Watu saba au wanane walikuwa wamekaa chini ya dungu wakingoja simu. King'ora kikalia. Waliruka, kisha wakatazama mbingu, wakaanza kucheka. Mwenye trekta akasema kitu kimeshikwa na joto.

Dada alikwisha kushuka ngazi. Alikuwa na rozari shingoni na kifurushi kichwani.

"Bibi, unakimbia jua?" mmoja akamtania.

"Nakimbia maji ya watu wa juu. Nyonga yangu haisubiri wingu. Nyie wenye miguu mizuri kaeni mbishane."

Akaondoka. Alikuwa hajamaliza kuvuka shamba lake mwenyewe wakati mama wa shamba la pili alipoinuka, siyo kwa sababu aliamini king'ora, bali kwa sababu hakuweza kumtazama mwanamke mwenye fimbo akitembea peke yake na mzigo. Akaupokea. Mwingine akaenda kuwachukua wajukuu zake walio karibu, akisema basi twende tumsindikize, turudi. Mwenye trekta akabaki akijidai kidogo, kisha akaona aibu ya kubaki na simu za watu, akazikusanya zote kwenye ungo akawafuata.

Simu yangu iliita karibu saa sita.

"Kaka."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye tuta la reli, nimekaa kama abiria. Hapa kuna watu wengi wananinunia. Kitu chenu kimetutembeza bure."

"Maji je?"

"Maji gani? Jua tu."

Nilipiga magoti pale pale karibu na amplifaya. Sikujua niombe nini. Kuomba maji yaje ni dhambi, na kuomba yasije nikaonekana mwongo sikuwa tayari kabisa. Nikaomba tu akae pale alipo. Nilimpigia mfugaji, hakupatikana. Nikampigia dada, nikamwambia asishuke hata wote wakishuka.

"Nishuke niende wapi na nyonga hii?" akasema. "Nikifika chini nitakuta kumekucha kesho."

Alinipigia tena kwenye saa nane. Sauti ilikuwa nyingine.

"Kaka, yamekuja."

Nyuma yake nilisikia watu, ila hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Mama mmoja alikuwa akihesabu watoto kwa sauti, akifika mwisho anaanza tena.

"Mko wote?"

"Tuko wote. Naona paa la dungu tu." Nikamsikia akimwita mtoto mmoja asogee juu. "Nimesahau sufuria," akasema.

Maji yalipopungua tulikwenda mimi na binti. Robo ya mpunga ilikuwa imelala na haikuinuka, sehemu iliyobaki ilisimama. Dungu liliegemea upande mmoja. Bomba letu lilikuwa bado kwenye nguzo yake, limepakwa tope hadi juu, na binti alipolifuta na kupima, ndani bodi ilikuwa imelala, ikiamka, ikisikiliza. Betri kubwa ya simu ilikuwa imekufa kwa maji. Nyingine nimeiahidi, maana watu wameshaanza kuulizia. Sufuria haijaonekana mpaka leo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mtu wa juu mtoni anayekufikiria, na masikio ya kusikia jua likiwa bado linawaka. Akupe moto wa kukutosha na wa kumpa anayekuja kuomba. Na siku ya maji yako, akukute umekwisha kufika tutani, wewe na wote walio wako.